Malalamiko Kuhusu Mjukuu Asiye na Miadi

Divinópolis, Jumanne, tarehe 10 Machi

Kwa Mkurugenzi,
Hospitali ya Uzazi (ile yenye ukumbi wa kioo)

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninakuandikia nikiwa mzima wa afya, isipokuwa presha, ambayo imepandishwa na hospitali yako. Jina langu ni Zulmira Fagundes Peixoto, mshonaji, mjane, mama wa mtoto mmoja. Mtoto huyo ni Graziele, ana miaka thelathini na mbili na mimba ya wiki thelathini na tisa kasoro siku mbili. Mwanawe wa kwanza, Caíque, alizaliwa hapo hapo kwako kwa upasuaji miaka minne iliyopita, Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, kama tulivyokubaliana. Safari hii pia tuliandikiwa Alhamisi, yaani keshokutwa, saa ile ile, kwa Daktari Amaury yule yule. Mambo yalikuwa yamenyooka.

Ndipo nesi mkunga wenu aitwaye Iraci alipomwambia binti yangu kwamba anaweza kuzaa mwenyewe.

Wala hakumnong'oneza. Alimwambia mbele yangu, mchana kweupe, mkono wake ukiwa juu ya tumbo: "Kovu lako limepona vizuri, mtoto kashusha kichwa, presha safi. Ukitaka upasuaji, haya. Ukitaka kusubiri uchungu, haya vilevile. Uamuzi ni wako, dada." Wake! Na mimi nimekaa pale pale na mkoba mapajani, sikuulizwa hata kama nina kiu. Tangu siku hiyo Graziele anasema atasubiri. Nikimuuliza atasubiri mpaka lini, ananijibu, "Mpaka atakapokuja, Mama." Huyo ni mtu mwenye digrii.

Naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Tarehe. Mapambo ya kutundika kwenye mlango wa chumba cha mzazi, katika mji huu, nashona mimi. Pambo la mjukuu wangu limekwisha: sungura watatu, mawingu mawili, jina Heloísa, na chini yake, kwa uzi wa dhahabu, tarehe 12 Machi, saa 2:30. Vifuko themanini vya lozi za kuwapa wageni navyo vimedariziwa hivyo hivyo. Mwambie nesi Iraci aje afumue uzi wa dhahabu kwenye hariri, halafu anionyeshe kilichobaki.

2. Wageni. Nimealika watu thelathini na wanne kwenye ukumbi wako wa kioo, wamtazame mtoto akitolewa. Nimeagiza mikate ya jibini mia mbili. Dada yangu Dirce anatoka Montes Claros kwa basi, safari ya kutwa nzima, na hawezi kukata tiketi ya "siku yoyote kuanzia sasa mpaka wiki ijayo", maneno ya Graziele hayo. Msusi anakuja Jumatano pamoja na mpakaji wa rangi za kucha. Mheshimiwa, mwanamke anayesubiri uchungu anapakwa rangi saa ngapi? Nilimuuliza. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama, mtoto hatatazama kucha zangu." Watu thelathini na wanne watazitazama.

3. Nyota. Akizaliwa Alhamisi, Heloísa atakuwa wa nyota ya Samaki: mtulivu, mwenye huruma, anayesikia la mkubwa. Akicheleweshwa mpaka tarehe ishirini na kitu, ataangukia Punda. Marehemu mume wangu alikuwa Punda. Niliishi naye miaka thelathini na moja na hakuna siku aliyokubali kwamba mvua inanyesha kabla hajatoka nje akalowa. Hospitali inayomwachia mtoto ajichagulie nyota ijiandae kuwajibika.

4. Hoja hii nimeifuta. Ilimhusu mkwe wangu Nivaldo, ambaye kila nikimtaka msimamo wake anasema, "Mimi namsikiliza mwenye tumbo." Nimemsamehe kwa kuwa ndiye mwenye gari la kubebea mikate.

5. Mshono. Hapa nazungumza kama fundi. Nina miaka arobaini kwenye cherehani. Gauni likishafunguliwa ubavuni kwa sababu mteja amenenepa, mwaka unaofuata akinenepa tena unafungua pale pale, huendi kukata kitambaa upande mwingine. Njia inajulikana. Nilimweleza nesi Iraci hivyo, pole pole, kama ninavyowaeleza wanaojifunza kwangu. Akaniuliza, "Sasa Dona Zulmira, gauni hilo ukilifumua mara ya tatu, mara ya nne, pale kwenye mshono panakuwaje?" Nikamwambia ukweli, maana kuhusu kazi sidanganyi: panalegea, nyuzi zinachomoka, sindano inakosa pa kushika. "Na Graziele anataka watoto wangapi?" Wanne. Anataka wanne tangu akiwa na miaka saba. Hili nalilalamikia kwa nguvu zote, Mheshimiwa. Nesi wako alichukua cherehani yangu akanipiga nayo.

Akaongeza, bila kuombwa, kwamba hata kusubiri uchungu kuna hatari yake. Kovu linaweza kuachia. Kati ya wanawake mia hata mmoja hafiki, alisema, na ndiyo maana atazalia hapo hospitalini, moyo wa mtoto ukisikilizwa muda wote, na chumba cha upasuaji kikiwa hatua ishirini kutoka kitandani. Mambo yakibadilika wanaingia mara moja. Katika maelezo yote hayo mimi nilisikia neno moja tu, kuachia, na tangu hapo naogopa. Nesi mwenye adabu angenidanganya.

6. Dini. Mtakatifu Raimundo Nonato, msimamizi wa wajawazito, alitolewa tumboni kwa kisu. Hata hilo jina Nonato maana yake ni asiyezaliwa. Sasa kama mbinguni wanapendelea njia ile nyingine, si wangempa kazi hiyo mtakatifu aliyezaliwa kawaida? Wamejaa tele. Nilijua hapo nimemaliza ubishi. Graziele alikuwa anakunja nepi. Bila kuinua macho akasema, "Mama yake Raimundo alikuwa keshakufa walipompasua, Mama. Ndiyo maana hakuulizwa." Naomba hospitali iwakataze wagonjwa wake kusoma habari za watakatifu kwenye simu.

7. Kanuni. Kutokana na hayo, naomba itungwe kanuni kwamba tumbo lililopasuliwa mara moja lihesabiwe kuwa liko chini ya chumba cha upasuaji, na mwenyewe analibeba tu kwa niaba yenu. Uchungu wowote utakaoanza nje ya saa za kazi upewe barua ya onyo. Na kwa kuwa mmeweza kupanga siku ya mtu kuja, sioni kwa nini mshindwe kupanga siku ya kuondoka. Mimi niandikieni Jumamosi, baada ya saa saba mchana, wateja wakiwa wameshachukua nguo zao. Dirce anasema yeye hana haraka, ila isiwe mwezi wa Juni, maana kuna ngoma za Mtakatifu Yohane na yeye ndiye mpishi wa uji wa mahindi.

8. La mwisho sikutaka kuliandika, nimeshachana karatasi mbili kwa ajili yake. Caíque alipozaliwa, Graziele hakuwa na uchungu hata wa kusingizia. Daktari Amaury alikuwa anakwenda ufukweni Ijumaa, akauliza kama Alhamisi itatufaa. Aliyejibu kwamba inatufaa nilikuwa mimi. Siku hiyo tulikuwa watu ishirini na sita kwenye ukumbi wa kioo, nami mbele kabisa, pua imegusa kioo, na katika ukoo mzima mimi ndiye niliyemwona Caíque wa kwanza. Nimeisimulia habari hiyo kwenye kibanda changu cha ushonaji kwa miaka minne. Juzi nilimsimulia tena mteja, Graziele akiwepo. Mteja alipotoka, binti yangu akaniambia, wala hakupandisha sauti: "Mtu wa ishirini na saba kumwona mwanangu nilikuwa mimi, Mama. Saa nane mchana. Nilikuwa nimelala natetemeka kwa baridi, nawasikia mnapiga makofi."

Utaniuliza, Mheshimiwa, hilo linaihusu nini hospitali. Haliihusu. Lakini tangu juzi nashona na kufumua, na nimeona lazima apatikane mtu wa kulalamikiwa.

Kwa heshima zote, basi, naomba Alhamisi ibaki Alhamisi. Daktari Amaury aje na wino, Graziele aweke sahihi, na nesi Iraci apewe likizo mpaka Ijumaa, tena yenye malipo, mimi si mtu mbaya.

Nisalimie Daktari Amaury na mkewe. Nisalimie mlinzi wa getini, umwambie suruali yake iko tayari. Msalimie dada wa kahawa, wasalimie wa mapokezi wote, na yule mzee wa lifti anayependa kuuliza ghorofa mara mbili. Hata nesi Iraci nisalimie, ila kwa ufupi.

Mimi niliyejaa staha na presha,
Zulmira Fagundes Peixoto

Nyongeza, Jumatano alasiri, nyuma ya karatasi hii hii. Nilikuwa mapokezi kwako asubuhi na barua mkononi, nikisubiri igongwe muhuri, Nivaldo akapiga simu kwamba chupa imepasuka na wako njiani. Walipofika, Graziele akaulizwa nani wa kuingia naye, maana anaruhusiwa mmoja tu. Nivaldo alikuwa ameshavaa lile joho la kijani la kuingilia chumba cha kuzalia. Graziele akasema, "Mama aingie." Nivaldo akavua joho, akanivalisha mimi, akanifunga kamba zake nyuma.

Saa nane Daktari Amaury akaingia, akatazama saa ya ukutani, akaniambia kwa upole, "Tusitaabishane, tumpasue tu. Si wewe mwenyewe ndiye uliyetaka, Dona Zulmira?" Graziele alikuwa amenishika mkono, na alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mwanangu tangu alipokuwa mdogo, nikimpeleka kudungwa sindano. Nikamuuliza daktari, moyo wa mtoto? Mzuri. Kovu? Halina tatizo. Njia? Inafunguka. "Basi, Daktari, hii haraka ni ya nani?" Nesi Iraci akanisogezea kiti.

Yote niliyoandika upande wa pili naomba uyachane, baada ya kusoma ukitaka, maana mwandiko ni mzuri. Ila hili lihifadhi. Saa tisa na dakika kumi nesi Iraci akasema, "Kichwa hicho, Dona Zulmira, njoo mbele uone!" Nikageukia ukutani. Ukuta wenu una ufa karibu na swichi, uushughulikie. Nikasikia kilio, sikugeuka. Nikamsikia Graziele anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anamwambia mwanawe maneno ambayo sikuyasikia vizuri, wala hayakuwa yangu. Nikabaki pale, nikaubana mdomo kwa mkono, mpaka alipoita, "Mama. Haya, geuka."

Nikageuka.