Vita vya Komeo la Bafu na Betri Zisizooana

Enyi mliokaa na mliosimama, mlio na kazi na mnaojisingizia kazi, tulizeni vijiko vikombeni mwenu na mtege masikio, kwa maana nawaletea habari ya vita ambavyo wahenga hawakuvisimulia, na hawakuvisimulia kwa sababu walikuwa na bahati ya kuishi kabla ya betri. Namsifu shujaa, seremala wa makabati, Mwenye Drili, Mtoboa Kuta, Simba wa Skrubu, ambaye hapa nyumbani ni mume wangu. Nami ninayesimulia ndimi mkewe. Sikuhadithiwa, nilikuwapo, ingawa saa ya ushindi nilikuwa nimefungiwa bafuni, kama mtakavyosikia.

Kwanza zijueni silaha zake. Alikuwa nayo drili ya kijani, yenye sauti ya upole na nguvu za kutisha. Alikuwa nao msumeno wa manjano, mla mbao, na mashine ya msasa, nyekundu, iliyopiga kelele kuliko ilivyofanya kazi. Tena alikuwa nayo mashine ya buluu ya kupulizia majani, ijapokuwa tunaishi ghorofani na mmea wetu wa pekee ni kitunguu kilichochipua juu ya friji. Nilipomwuliza majani yako wapi, alinijibu kwamba ilikuwa kwenye ofa. Jeshi hilo lote lilipiga kambi katika kabati la nguo zangu, na nguo zangu zikahamia kwenye kiti.

Sasa lisikieni kosa. Wenye busara huchagua ukoo mmoja wa betri wakatulia nao, wakanunua drili, kisha msumeno wa ukoo uleule, ili betri moja ilishe nyumba nzima. Shujaa wetu alinunua kwa macho na kwa moyo. Kila chombo kilitoka ukoo wake, kikaja na betri yake na chaja yake, na hapakuwa na betri ya ukoo mmoja iliyokubali kuingia katika chombo cha ukoo mwingine, hata kwa kubembelezwa. Na tundu la umeme lililo huru sebuleni kwetu ni moja tu. Basi kila jioni mume wangu alisimama mbele ya betri zake akahukumu nani ale na nani alale njaa.

Katika zama hizo komeo la bafu lilivunjika, na nyumba yetu ikajitungia sheria: anayeoga na aimbe, ili walio nje wajue kuna mtu. Binti yetu aliimba nyimbo za shule. Mume wangu aliimba wimbo mmoja ambao hajui ubeti wake wa pili. Mimi niliimba chochote kilichonijia, na aliyenyamaza alihesabiwa kuwa hayumo. Nilinunua komeo jipya na skrubu zake nne, nikaliweka juu ya friji mahali pa kuonekana, nalo likakaa pale siku nyingi likitazamana na kitunguu.

"Si bisibisi ipo?" nikamwambia. "Zungusha mara moja mbili, uje ule."

Akainuka, akaweka mkono kifuani, akanena: "Ewe mke wangu, unataka watu wanicheke? Mkono huu umepachika makabati kwa madaktari na mawakili, leo ukashike bisibisi ya kuzungusha kwa kiganja? Kila kazi na chombo chake! Siku yake ikifika, komeo litapanda kwa drili, na utapepesa jicho tu ukute limekwisha kaa."

"Haya," nikasema. "Mimi naenda kuoga. Ukinisikia naimba, ujue bado nasubiri hiyo siku yake."

Ikawa asubuhi moja simu ikalia, naye alikuwa mama yangu mzazi, matroni mstaafu, mwanamke ambaye zamani akikohoa tu mlangoni, wodi nzima ilijinyoosha shuka. Akasema yuko kwenye basi, atafika alasiri, na anatamani kuoga kwanza kabla ya lolote kwa sababu ya vumbi la njiani.

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Mama... ataimba?"

"Mama haimbi."

Hapo ndipo hofu ilipomshika, nami nikamwonea huruma, kwa maana baina yake na mama yangu pana heshima kubwa mno. Tangu anioe hajawahi hata kumwona mama bila kitambaa kichwani. Mkwe kumfungulia mkwe mwenziwe mlango wa bafu ni jambo lisilo na samahani. Mtu huhama mji.

Akaitwaa drili ya kijani. Ikasema "trr", ikanyamaza. Usiku uliotangulia tundu la umeme alikuwa amelipa betri ya ile mashine ya majani.

"Kwa nini ya majani?" nikauliza.

"Zamu yake ilikuwa imefika."

Na chaja ya kijani, jamani, aliisahau kwa mteja ng'ambo ya pili ya mji, ndani ya kabati alilolipachika mwenyewe. Basi akaichukua ile betri ya buluu iliyoshiba, akataka kuioza kwa nguvu kwa drili ya kijani. Akasukuma kwa kiganja, akasukuma kwa goti, akailaza kwenye zulia akaikalia. Betri ikakataa katakata. Akaondoka mbio kuelekea duka la vifaa, kandambili mguuni.

Dukani akapokewa na mwuzaji mwenye ulimi wa asali. "Kaka yangu, betri ya kijani peke yake imekwisha. Lakini tochi ya kijani ninayo, tena ndani yake imo betri ileile. Si utakuwa umepata vyote viwili?" Shujaa akaona hekima hiyo haina mpinzani, akainunua tochi ili apate betri. Njiani kuelekea mlangoni akapita mbele ya redio ya kijani. Akaitazama. Akaishika, akaigeuza, akaunusa upya wake, kisha akairudisha mahali pake na kutoka nje. Hilo nalo lihesabiwe katika ushujaa wake.

Aliporudi, mimi nilikuwa bafuni, nimelisugua bafu kwa ajili ya mama na sasa najimwagia maji, nikiimba kwa sauti yote niliyojaliwa. Mume wangu ni mwungwana, asikiapo wimbo hafungui. Akapiga magoti upande aliokuwepo, akaichomoa betri ya tochi, akaipachika kwenye drili, nayo drili ikafufuka. Skrubu ya kwanza ikazama. Ya pili na ya tatu zikafuata bila ubishi. Betri za dukani haziji zimejaa, enyi wasikilizaji, na ya nne ilipofika shingoni drili ikakoroma, ikakata roho. Lakini komeo lilikuwa limeshika. Akapiga kelele, "Limepandaaa!" na kwa furaha ya ushindi akalisukuma kulijaribu. Ka!

Nikaacha kuimba.

"Mume wangu."

"Naam!"

"Umelifunga?"

"Nimelifunga! Hukusikia linavyoteleza?"

"Na mimi niko wapi?"

"Uko ndani."

"Na komeo?"

"Komeo..." Sauti yake ikashuka. "Komeo liko huku kwangu."

Kabla sijamjibu nilivyokusudia kumjibu, hodi ikapigwa kwenye mlango mkubwa. Na yeye, badala ya kunifungulia mimi, alikimbia kumfungulia mgeni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yuko wapi?"

"Niko huku, Mama!" nikaita. "Nimefungiwa!"

Nikazisikia nyayo za mama zikija bila haraka. Komeo likateleza, mlango ukafunguka, tukatazamana, mimi na khanga yangu iliyolowa, yeye na mkoba wake begani. Akalitazama komeo juu na chini. Akaitazama tochi isiyo na betri, na drili iliyolala chali sakafuni. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtuhumiwa.

"Komeo zuri," mama akasema. "Limenyooka. Ila mwogaji hujifungia, mwanangu, hafungiwi. Hivi mlivyofanya ni banda la kuku."

Akavuta kiti, akaziondoa nguo zangu juu yake, akaketi na taulo begani. "Mimi nasubiri," akasema.

Shujaa akaibonyeza drili mara ya mwisho, wala haikumjibu hata "trr". Mungu ndiye ajuaye jinsi ulimi ulivyoniwasha. Nilikwenda jikoni, nikarudi, nikamwekea kiganjani bisibisi ya mkono.

Akaishika. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, Simba wa Skrubu, mpachikaji wa makabati ya mawakili, akaanza kuzungusha. Mbao za mlango ule ni ngumu, wala skrubu zilizoingizwa na mashine hazitoki kwa hiari. Jasho likamtiririka hadi kidevuni. Akazing'oa zote nne, akahamia upande wa ndani, akapima kwa jicho, akaanza upya kwa kiganja kitupu, mzunguko kwa mzunguko, mama akimwangalia. Skrubu ya pili ilimtoa machozi kidogo. Atakana, lakini niliyaona. Na nilipomwona hivyo, amekunja uso, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, sikuwa tena na hamu ya kumcheka. Nilitamani tu komeo lile lisimwangushe.

"Tayari, Mama," akasema, akasogea pembeni, macho yake sakafuni.

Mama akaingia. Mlango ukafungwa. Tukasimama sebuleni, mimi, yeye na binti yetu, tumezuia pumzi. Komeo likasuguana kidogo na mbao, likasita, kisha likaingia.

Maji yakaanza kumwagika. Baada ya kitambo sauti ya matroni ikatoka ndani, tulivu, ileile iliyokuwa ikinyoosha shuka:

"Limekaa."

Mume wangu akateremka ukutani akaketi sakafuni. Kiganjani mwake mlikuwa na lengelenge kubwa jekundu. Akaniinulia uso uliolowa jasho, akaninong'oneza, "Umemsikia? Amesema limekaa."

"Nimemsikia," nikasema, nikakishika kile kiganja.

Basi na iandikwe, na wajukuu wasomewe, na atakayebisha aje nimwonyeshe mlango: limekaa.