Ekzosi ya Baba wa Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni
Limewaka! Gari langu jekundu la spoti, viti viwili, lililolala karakana tangu binti yangu hajaota meno, leo limenguruma hadi majirani wakatoka nje. Mke wangu naye alitoka, vidole masikioni. Akasema bomba la moshi limeoza. Nikamwambia ni kutu kidogo tu, ya juu juu.

Mambo yako hivi. Jumamosi binti anaolewa. Alipokuwa mdogo tulikaa humu karakana tukijifanya tunasafiri, nami nikamwahidi kwamba gari hili ndilo litakalompeleka harusini. Lakini shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ana gari jipya lenye kiyoyozi, na hana mada nyingine duniani. Namwita Kiyoyozi. Keshajitolea kumbeba bibi harusi! Mke wangu amekata shauri: langu lisiponyamaza kufikia Ijumaa, binti anapanda la mjomba wake. Litanyamaza tu.

Jumanne, 4 Juni
Asubuhi nzima chini ya gari na brashi ya waya. Kutu usoni, kutu mdomoni, kutu ndani ya soksi. Nikasugua kwa ari mpaka nikaona mwanga. Nikasugua tena. Mwanga ukaongezeka. Kumbe kutu ndiyo iliyokuwa bomba lenyewe! Nilipoimaliza, na bomba likaisha. Tundu linaingia ngumi.

Binti akapita, akainama, akauliza kama mambo yanakwenda. Nikamjibu yanakwenda vizuri mno. Ngumi nikaiacha humo humo, asilione tundu.

Jumatano, 5 Juni
Mke wangu anasema nilipeleke kwa fundi wa kuchomelea. Mimi! Nimekata debe la mafuta ya kula, nikalizungushia tundu, nikalikaza kwa waya, nikapaka rangi ya fedha iliyobaki kwenye geti. Linang'aa. Nikawasha. Kimya! Kiyoyozi alikuja kuchungulia. Aliuliza tu nani anakaanga samaki. Nikamwambia magari ya heshima ndivyo yanavyonukia.

Ijumaa, 7 Juni
Vishikio vya sailensa navyo vimeliwa na kutu. Si neno. Nimeining'iniza kwa kamba ya plastiki ya kuanikia nguo, mafundo ya uhakika. Mke wangu akatega sikio, akazunguka gari mara mbili, akakubali shingo upande. Kisha akauliza kwa nini nguo zimeanikwa kwenye ua wa maua. Sikuwa na nafasi ya maswali madogo.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya siku! Binti pembeni yangu, shela mapajani. Nyuma yetu Kiyoyozi, amembeba mke wangu, madirisha yamefungwa. Baada ya kona ya kwanza rangi ya debe ikaanza kufuka. Kiyoyozi cha gari lake kikavuta moshi wote ndani. Nikawaona kwenye kioo wakijipepea kwa kofia.

Halafu kamba ikayeyuka. Sailensa ikaanguka, debe likaifuata, na gari likapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia. Nilijua nimemharibia mwanangu siku yake. Nikamtazama kwa woga. Alikuwa anacheka mpaka machozi, akanipigia kelele sikioni kwamba niongeze mwendo!

Nikaongeza. Malori yalitupisha. Wageni walitusikia tangu mbali, wakatoka wote nje wakipiga vigelegele. Nilishuka nikilia, na sikujificha.

Kiyoyozi alifika baadaye, tairi limechanwa na debe langu, sailensa kaikumbatia kifuani juu ya suti nyeupe. Mke wangu alishuka akikung'uta masizi kwenye kofia.

Jumapili, 9 Juni
Nimeamka shujaa. Mke wangu anashikilia kwamba nimenusurika kwa bahati na kwamba kuna funzo hapa. Naliona. Miaka yote hii nimehangaika bure na ekzosi, kumbe gari linakimbia vizuri zaidi bila yake! Watu waliotengeneza magari haya walijaza vyuma vya kujionyesha tu.

Maharusi wako mapumzikoni juu mlimani. Binti amepiga simu, anataka mimi ndiye niwarudishe, mmoja mmoja, kwa gari letu. Nimefurahi kupita kiasi. Nimeshaingia chini kulikagua. Breki zina kutu. Ziko nne! Za nini zote hizo? Mbili nimeshazing'oa.