Kuzuiwa Kwangu Kunyoosha Mkono Mnadani

Kwa Shemeji yangu mpendwa, dalali wa mnada wa hadhara,

Yah: Malalamiko dhidi yako

Natumaini u mzima pamoja na nyumba yako, na kwamba dada yako, ambaye ni mke wangu, anakula vizuri hapo kwako. Sisi huku hatujambo. Nikisema sisi, nina maana ya mimi na viti.

Nakuandikia kama mteja na kama shemeji, na ikibidi kuchagua kimoja, leo ni mteja. Jumamosi iliyopita ulimwagiza mlinzi wako, yule mnayemwita Mnara, asimame nyuma yangu mnada mzima na kunishika mkono wa kulia kila nilipotaka kuunyoosha. Nilipojaribu wa kushoto akaushika nao. Nimerudi nyumbani mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu hali iharibike, na nimeumia sana.

Unajua hali ilivyoharibika. Watu walikopa wakanunua, wakakopa tena walipe walichokopa, mwisho wakakopa zawadi ya kumshukuru aliyewakopesha. Siku benki ilipodai chake, kila mtu akageuka muuzaji, mnunuzi nikabaki mimi. Aliyenifungua macho ni karani wa benki ninayemnyoa kila wiki. Alisema, wembe ukiwa shingoni kwake, kwamba matajiri wote hununua wakati wenzao wanalia. Wiki iliyofuata akafukuzwa kazi, nami nikanunua meza yake.

Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Unauza vitu kwa bei ya kutupa, halafu unamzuia mtu asiokote. Kiti cha daktari wa meno nimekipata kwa bei ya kunyoa vichwa kumi na viwili. Kinapanda, kinashuka, kina hata taa yake. Wateja wangu wakikikalia tu wanafungua mdomo wenyewe. Hiyo nayo utaiita hasara?

2. Umesema mbele za watu kwamba nyumba yangu imejaa. Si kweli. Chooni pana nafasi. Nakubali kwamba viti mia tatu vya ukumbi wa harusi vimepandana sebuleni hadi darini, na kwamba jikoni siku hizi naingilia dirishani. Lakini mali lazima iwe na mahali pa kusubiri bei yake.

3. Bei zinaendelea kushuka hata baada ya mimi kununua. Hili limeninyima raha. Viti vile nilivinunua Jumamosi moja, na Jumamosi ya pili ukauza vingine vilevile kwa nusu ya bei. Ikanibidi ninunue na hivyo, kupunguza hasara ya vile vya kwanza. Kwa hiyo viti ni mia sita. Pale juu nimeandika mia tatu kwa kuwa barua hii huenda dada yako akaisoma. Naomba itangazwe rasmi kwamba bei ikishafika pale niliponunulia mimi, ni marufuku kushuka.

4. Kuhusu cherehani. Dada yako aliiweka rehani benki kwa siri ili tule, maana fedha yangu yote ilikuwa mnadani. Mimi sikuambiwa. Siku inauzwa, yeye alisimama nyuma kabisa na akiba yake kwenye fundo la khanga, mimi nikasimama mbele. Nikasikia mwanamke mkaidi ananipandishia bei. Sauti niliona kama naijua, lakini mnunuzi mzoefu hageuki. Nikapanda, akapanda, nikapanda mpaka akanyamaza. Wewe pale juu ya meza ulituona wote wawili, ukakohoa mara tatu, ukagonga nyundo. Shemeji, kukohoa si taarifa. Nilipogeuka na kumkuta mke wangu, nilimwambia kwa nia njema kabisa kwamba hali ikitengemaa nitamuuzia kwa bei ya kindugu. Alikaza fundo lake la khanga akaondoka. Huu ni mwezi wa pili yuko kwako, nami sijui hata chumvi inakaa wapi. Nimemkumbuka mno, na hili nalo naliweka kwenye malalamiko.

5. Nasikia watu wameanza kulipa madeni. Jambo hilo lisimamishwe, kwa sababu sijamaliza kununua. Naomba hali mbaya iongezwe miezi mitatu. Baada ya hapo benki iwakopeshe watu wote upya waje wanunue kwangu kwa bei nzuri. Wakishindwa kulipa, wewe utavipiga mnada, nami nitavinunua tena. Hapo uchumi utakuwa umepona na hakuna atakayekosa kazi.

Kwa hayo, naomba mkono wangu uachiliwe, na dada yako aambiwe kwamba mumewe ni tajiri anayesubiri tu.

Nisalimie mama mkwe, watoto wote, majirani wa pande zote mbili, na Mnara, mwambie mkono bado unauma. Dada yako msalimie peke yake, asichanganywe na hao.

Ni mimi, mteja wako wa mstari wa mbele na mume wa dada yako,
Kinyozi

Nyongeza: Nilisahau kukutajia lifti ya ile hoteli iliyofungwa. Niliinunua kwa dalali mwingine, unisamehe, na iko uani, chumba kizima cha chuma na vioo vyake. Niliingia humo asubuhi nikuandikie, maana ndani ya nyumba hakuna pa kuweka karatasi. Nilipofika lalamiko namba mbili mlango ukajifunga. Fundi wa lifti ameitwa, amekuja, anasema vifaa vyake viliuzwa mnadani na aliyevinunua ni mimi. Viko jikoni, chini kabisa. Barua hii naipitisha kwenye ufa, jirani ataileta. Njoo na watu wako, Shemeji, mtoe kila kitu, muuze kwa bei yoyote, na kama hakuna bei, mgawe. Cherehani msiiguse. Mwambie dada yako ni yake, nilikosea, na kabla ya fundi na kabla yako wewe, aje yeye asimame hapa nje aongee kidogo, hata kama ni kunitukana.