Rudisheni Bibi wa "Kabati Halifungiki"

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya duka la vioo.

Kwa Muongozaji wa filamu ya "Kabati Halifungiki"
(ile mpya, si ile nzuri).

YAH: KUUAWA KWA BIBI AMBAYE HAKUFA

Ndugu Muongozaji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na umeketi mahali pazuri. Nasema hivyo kwa kumaanisha, maana mimi ni fundi makochi na sipendi mtu apokee habari mbaya akiwa wima. Kama umesimama, tafadhali kaa kwanza.

Nakuandikia kama mwenyekiti wa Umoja wa Wapenzi wa "Kabati Halifungiki". Wanachama ni mimi, kinyozi wa mlango wa pili, mama muuza vitambaa, fundi simu na, hadi majuzi, shemeji yangu. Tunakutana karakanani kwangu kazi zikiisha, tukikalia makochi ya wateja ambao hawajaja kuyachukua. Uchaguzi wa mwenyekiti ulikuwa huru. Wenzangu hawakugombea kwa sababu sikuwaambia kwamba kuna nafasi.

Huyo shemeji ni kaka wa mke wangu, tena ndiye mshirika wangu kazini. Kochi halivalishwi na mtu mmoja. Mmoja anavuta kitambaa kwa nguvu zake zote, mwingine anapiga pini za stepla kabla mwenzake hajakata pumzi. Sisi tumevutiana hivyo miaka yote bila hata kuambizana "sasa". Leo hatusemeshani, na chanzo ni filamu yako. Ninachokuomba si kikubwa. Niandikie mstari mmoja tu, wenye sahihi na muhuri, kwamba katika filamu ya kwanza Bibi hakufa. Nitaubandika ukutani, shemeji ataomba radhi, na kazi itaendelea.

Ili usinione mzushi, nieleze ninavyoijua filamu ya kwanza. Niliitazama na mke wangu tukiwa bado wachumba. Nilikwenda na mto wangu mwenyewe nilioushona kwa mkono, kwa ajili ya mgongo, kwani kazi yetu ni ya kuinama. Sasa, maumivu ya mgongo wangu yana tabia ya kupanda, na yakipanda mto nao hulazimika kuyafuata mpaka usoni. Siku ile yalipanda sana. Bahati nzuri mchumba wangu alikuwa akininong'oneza kila kinachotokea, hatua kwa hatua, kwa hiyo sikukosa kitu. Naweza kusema naijua filamu ile kuliko watu walioitazama tu.

Hii yako nimeiona kwa njia tofauti. Mke wangu alikuwa amekwenda kumuuguza shangazi yake, nikaongozana na shemeji. Kabla taa hazijazimwa, shemeji akaukalia mto wangu, na mpaka mwisho hakunyanyuka. Nikalazimika kutazama filamu nzima kwa macho yangu mawili, yakiwa wazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mpeleka barua. Katika filamu ya kwanza kijana huyu anafika nyumbani kwa Bibi, anasikia kitu kinakwaruza ndani ya kabati, anafungua. Inasikika milio ya ka-ka-ka, kisha hatumwoni tena. Mke wangu alinifafanulia kwamba alikuwa amehamishwa kikazi, na milio ile ni ya masanduku yakifungwa haraka haraka. Mambo ya kawaida kwa mtumishi wa posta. Wewe umemtoa kabatini kwa mafungu. Najiuliza, kama hukuipenda kazi ya posta si ungempa kazi nyingine?

2. Mbwa. Mbwa wa awali alikwenda kuishi kwa wakwe wa Bibi, kwenye ua mpana. Alikokwenda mbwa wako sitaki kukuandika kwenye karatasi. Nilitoka nje kununua maji, ingawa maji nilikuwa nayo.

3. Damu. Ile ya kwanza haikuwa na damu hata tone. Sehemu kubwa ilikuwa giza tupu, giza laini, lenye harufu ya kitambaa kipya. Huo ndio usanii, Ndugu. Siku hizi mnaonyesha kila kitu kama duka la nyama. Katika umoja wetu suala hili tulilijadili mpaka kochi la mteja mmoja likakatika springi. Kinyozi anasema hofu imo katika usichokiona. Fundi simu anasema yeye alilipa kiingilio ili aone, hakulipa ili afikirie. Mama muuza vitambaa anasema filamu inayotengenezwa upya ni sawa na gauni lililoshonwa kwa pazia kuukuu, maua yapo, lakini mtaa mzima unalijua dirisha lilikotoka. Mimi kama mwenyekiti nilifunga mjadala kwa kukubaliana na mimi.

4. Bibi mwenyewe. Hapa ndipo uliponikata maini. Katika filamu ya kwanza, Kitu kilichomo kabatini kinapotoka, Bibi anakisimamia kucha. Anakigombeza, anakiuliza kama kwao hakuna watu wazima, halafu anakihurumia na kukifunika blanketi. Kitu kinaomba radhi. Bibi anajilalia zake. Ule ukelele mkali unaosikika mwishoni ni kwa sababu aliona panya. Watu ukumbini walilia kwa furaha, mwanamke wa mbele yetu alifurahi mpaka akakimbia akaacha kiatu. Nami nililia. Sasa nimekaa kwenye filamu yako nikisubiri blanketi. Nimesubiri blanketi, Ndugu Muongozaji! Kitu chako hakikuomba radhi. Bibi wangu wa watu akaondoka pale pale, miwani ikabaki sakafuni.

Taa zilipowaka nikamwambia shemeji kwamba wameiharibu filamu, wamemuua Bibi. Akanijibu kwamba Bibi alikufa hata katika ile ya zamani, aliona kwa macho yake. Nikamtaka afute kauli. Akakataa. Nikamwambia mimi nina shahidi aliye bora kuliko macho, naye ni dada yake wa tumbo moja. Akacheka mbele za watu, wakiwemo wateja wetu wawili. Nikamwambia kwamba mtu anayeweza kumzushia bibi kizee kifo anaweza pia kuiba sponji. Neno hilo nakiri lilikuwa zito kuliko filamu yenyewe.

5. Madhara. Tangu siku hiyo karakana imegawanywa kwa kitambaa cha pazia, upande wake na upande wangu. Nikihitaji mkasi namtuma mteja. Yeye akihitaji gundi anamwambia kinyozi, kinyozi ananiambia mimi, mimi namwambia kinyozi kwamba gundi imekwisha, na wote watatu tunaiona. Kochi la mwalimu mkuu nimelivalisha peke yangu, kitambaa nimekivuta kwa meno. Limevimba shavu moja kama mtu anayeumwa jino. Mwalimu mkuu kalitazama, kaondoka bila kuaga. Na nikuambie ukweli ambao sijamwambia yeyote: namkumbuka shemeji yangu. Namsikia akikohoa nyuma ya pazia, nami nashindwa kumwambia pole.

6. Muendelezo. Nimeona tangazo lako kwamba unaandaa sehemu ya pili. Ya pili na nani, ikiwa Bibi umemmaliza? Ukimrudisha kama mzimu, utakuwa umemchukua mama mstaafu na kumpa ajira baada ya kufa, jambo ambalo hata mwajiri mbaya hathubutu. Kwa hiyo, kabla hujapiga picha hata moja, umoja wetu unadai yafuatayo. Bibi afufuliwe, na aeleze kwamba alikuwa amelala. Mpeleka barua aonyeshwe katika kituo chake kipya, akiwa mezani, akigonga muhuri, viungo vyote vikiwa mahali pake. Mbwa apigwe picha na wakwe. Yule mama aliyeigiza Bibi aje yeye mwenyewe karakanani, na kitambulisho, athibitishe mbele ya shemeji kwamba yu hai. Na kama Kitu kinapatikana, kije nacho kiombe radhi ana kwa ana. Tutakikalisha kwenye kochi la mbao ngumu, hatutakifanyia fujo.

Shahidi wangu, kama nilivyosema, ni mke wangu. Amerudi leo kutoka kwa shangazi. Sijamgusia habari hizi kwa sababu mtu hamhoji mtu anayemwamini, lakini nitampa barua hii aisome na kuweka sahihi chini ya yangu, kisha niipeleke posta. Shemeji aje abishane na sahihi ya dada yake.

Nakutakia kazi njema isiyo na damu. Wasalimie wapiga picha, wabeba taa, mafundi wenzangu waliotengeneza lile kabati (bawaba za mlango wa kushoto zimekaa vibaya, waambie), na familia yako yote, hasa bibi yako kama bado unaye.

Ni mimi mwenye masikitiko,
Fundi Makochi,
Mwenyekiti wa Umoja.

Nyongeza: Mke wangu hakuweka sahihi. Alisoma mpaka kwenye mpeleka barua, akaweka kalamu chini na kucheka, akafika kwenye mbwa, akaanza kufuta machozi. Alipofika kwa Bibi hakucheka tena. Akaniambia kwamba hakuna aliyehamishwa. Hakukuwa na wakwe. Blanketi lilikuwepo kweli, ila aliyefunikwa nalo ni Bibi, tena anasema wewe umemhurumia, katika ile ya kwanza alikufa vibaya zaidi. Nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Akasema nilikuwa nimemshika mkono mpaka vidole vimekufa ganzi, na aliona kwamba akisema kweli nitatoka nje na sitarudi, naye alikuwa ameshaamua kwamba ataolewa na mimi.

Nimekwenda nimelishusha pazia. Nimemwambia shemeji kwamba Bibi alikufa, na kwamba sponji hajawahi kuiba. Nilidhani atacheka. Badala yake akaniuliza filamu ya dada yake ilikuwaje. Nikamsimulia yote, uhamisho, ua mpana, Kitu kikiomba radhi. Akasema hiyo ndiyo nzuri. Halafu akashika kochi la mwalimu mkuu, akavuta kitambaa, nami nikapiga pini.

Kwa hiyo ule mstari nilioomba, tafadhali usiuandike. Barua nakutumia kwa kuwa stempu nimeshabandika. Sehemu ya pili ikitoka tutakwenda wote, mke wangu akae katikati. Shemeji ameomba tu dada yake apaze sauti kidogo, na tumeshaanza kushona mto wa watu wawili ambao katikati una nafasi ya mtu wa tatu kupumulia. Wewe ua unavyotaka, Ndugu. Sisi tutaambiwa wamehamishwa.