Mtindi wa Somo

Jumatatu, 4 Agosti
Kipupwe. Kijiji kizima cha Zinga kimevaa sweta, mimi nalowa kama nimetoka kisimani. Joto limenishika tena leo, mbele ya dada Mwaija, tukipanga harusi ya binti yake Jasmin. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni hadi masikioni. Nikasingizia pilipili. Tulikuwa tunakunywa chai.

Swaumu, jirani, aliyekwisha kuwa somo wa nusu ya maharusi wa hapa, akaniangalia kwa huruma ya uongo. Akamwambia dada kwamba mimi Zuleha nikishindwa kumfunda bi harusi, yeye yupo. Nishindwe? Nimezaa wanaume watupu. Jasmin ndiye binti pekee nitakayemfunda maishani mwangu. Sitoi nafasi hii.

Jumanne, 5 Agosti
Zahanati. Nesi Rukaya kasema siumwi, hedhi ndiyo inakoma, homoni zinayumba. Kaniuliza nakula nini. Chapati, vitumbua, chai yenye sukari ya kutosha. Akaguna. Akaeleza kwamba tumboni mna bakteria wazuri, na huenda wanausaidia mwili kuziweka sawa hizo homoni, ingawa wataalamu bado wanachunguza. Nijaribu mtindi, maharage, matunda na mboga, kidogo kidogo, nisingoje muujiza. Joto likizidi nirudi, dawa zipo.

Kidogo kidogo! Singo ya kumsugua bi harusi inaanza kesho. Hao bakteria nawahitaji wote leo.

Jumatano, 6 Agosti
Bi harusi kawekwa ndani. Madirisha yamefungwa, udi unafuka, Jasmin anasuguliwa singo. Nimeingia na ndoo yangu: mtindi, ukwaju, papai. Dada kauliza ni nini. Ningesema ni ya joto, Swaumu angekalia mkeka wangu papo hapo. Nikasema ni siri ya somo, inang'arisha ngozi.

Kosa. Jasmin akaomba kikombe. Shangazi zake nao. Swaumu kanywa kuliko wote, huku akiuponda. Joto lilipokuja nikafungua dirisha na kutoa kichwa nje, eti nafukuza kuku. Kuku hawakuwepo.

Alhamisi, 7 Agosti
Siku ya hina. Sijui niandikeje.

Alasiri nikasikia mngurumo, nikadhani lori barabarani. Kumbe mimi. Kisha Jasmin. Kisha shangazi wote. Choo ni kimoja. Na bi harusi ana hina mbichi mikononi hadi kwenye viwiko, miguuni hadi kwenye vifundo. Hawezi kukanyaga, hawezi kushika kanga, sembuse kopo. Kazi ya somo hiyo. Nikambeba, Swaumu kashika upande wa pili, foleni nzima ikitulaani, na mimi mwenyewe nimebana meno. Nikamsaidia mwanangu kwa yote. Ua la mguu wa kushoto sasa linafanana na kisamvu.

Dada hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kesho kwenye mkeka wa somo atakaa Swaumu. Nimelia, tena sana.

Nikaenda jikoni kunywa maji. Friji wazi, na kichwa cha Swaumu kimo ndani, bila mtandio, jasho linamtiririka hadi mgongoni. Akasema ni pilipili. Pilipili hiyo naijua.

Ijumaa, 8 Agosti
Ndoa imefungwa, alhamdulillahi. Asubuhi Jasmin alimwambia mama yake kwamba aliyembeba na hina yake ndiye somo wake, na kama Mama Mdogo hakai, yeye hatoki chumbani. Nimekaa. Bwana harusi alipoingia kumpa mkono, joto likanijia lote. Nikahisi upepo mgongoni. Swaumu ananipepea kwa kipepeo cha jikoni, huku akininong'oneza nisitoboe siri yake. Nikamwahidi. Nimefurahi leo, kuliko siku ya ndoa yangu mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti
Joto liko palepale. Swaumu kaja kuniuliza nesi alishauri nini. Nimemweleza kama nilivyoambiwa: kidogo kidogo, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Kashukuru, kaniita ndugu yake.

Dija, binti wa mwenye duka, anaolewa mwezi ujao na bado hana somo. Atakayepoa kwanza ndiye atakayechukuliwa. Nimeagiza ndoo mbili za mtindi kutoka Makurunge na kuloweka kunde sufuria zima.

Jioni nikachungulia uani kwa Swaumu. Anashusha madumu kwenye bajaji. Mtindi mtupu.

Kesho naongeza maharage.