Ombi la Kumfukuza Mume Wangu Chamani

Mtaa wa Tanyard,
Wurrabeal.
Jumatano, 18 Julai 1956

Kwa Ndugu Alf Pascoe,
Katibu wa Chama cha Labour Jimboni.

Ndugu Katibu,

YAH: KUFUKUZWA KWA MHESHIMIWA CLARENCE TUOHY

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mkeo Dulcie na goti lake. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imekuja na meno.

Kwa heshima na taadhima, naomba mume wangu Clarrie, ambaye ni mkuu wa chama chetu humu jimboni na kiongozi wa upinzani katika Bunge la jimbo, afukuzwe chamani. Ikiwezekana afukuzwe kabla ya Jumapili, kwa kuwa paja la kondoo nimeshaliagiza buchani na meza nataka kuiandaa kwa watu wengi.

Sidhani kama naomba jambo gumu. Tangu chama kilipopasuka mwaka jana kwa ugomvi juu ya Wakomunisti, mmefukuza watu ambao hata hawakuomba. Mmemfukuza mpiga kinanda wa tawi letu, mama wa watu, kwa kusema tu kwamba pande zote mbili zina hoja. Mimi nakuletea mtu mzito zaidi, na nakuletea na sababu zake, ili halmashauri isihangaike kuzitunga.

Usije ukadhani sikijui ninachokiomba. Nilikuwepo safari nzima. Clarrie alianza akiwa fundi wa boila katika karakana ya reli, mafundi wenzake wakamchagua awasemee, akawa diwani, akawa mbunge, akawa Waziri wa Maji kwa majuma machache hadi serikali yetu ilipoanguka kwa kupigwa teke na watu wetu wenyewe. Siku mliyomchagua kuwa mkuu hakuwemo chumbani. Mlikuwa mmemtuma mikate ya nyama. Aliporudi na mfuko wake mkampigia makofi, naye akadhani mnashangilia mikate. Wewe mwenyewe ulisimama mlangoni pangu jioni ile ukaniambia, "Bi Tuohy, tumemchagua kwa sababu hana adui."

Basi tuanzie hapo hapo.

1. Hana adui. Ndugu Katibu, kwa siku hizi hilo ni kosa. Mkuu wa chama kilichopasuka anatakiwa awachukie waliotoka, na Clarrie hajui kuchukia. Najaribu kumfundisha, haambiliki. Shemeji yangu Vince, mdogo wake wa tumbo moja, alitoka na hao waliotoka, na leo ni mtu wao wa pili Bungeni. Mwezi uliopita alisimama mbele ya Spika akamwita kaka yake kikaragosi wa Moscow. Nikamngoja Clarrie nyumbani nikiwa nimempikia supu ya kutuliza hasira. Alipofika akavua kofia, akasema, "Vince kaongea vizuri leo. Ila bado anasahau kupumua. Tangu utoto yule hapumui akisema." Kisha akala supu yote na kuomba tena. Je, huyo ni mkuu wa chama?

2. Utoro. Kama ujuavyo, Bungeni kuna desturi ya jozi. Mbunge wa upande huu akiwa na dharura humtafuta mmoja wa upande ule watoke wote wawili, ili kura zibaki sawa, na ahadi ya jozi haivunjwi hata na mlevi. Mkeo Dulcie amenidokeza kwamba kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana kiti cha Clarrie ni kitupu. Nikamuuliza, "Jozi yako ni nani?"

"Mtu tu."

"Mtu gani?"

"Wa upande wa pili."

"Upande wa pili una watu wengi, Clarrie."

"Mena, chai inapoa."

Hayo ndiyo majibu ya kiongozi wa upinzani. Na siku hizo za Alhamisi hurudi nyumbani mikono ya shati imelowa, vidole vyekundu, ananukia sabuni, na si sabuni ya nyumbani kwangu. Wivu sina, Ndugu Katibu, lakini pua ninayo. Nimesikia unataka kukihamisha kikao cha wabunge kutoka Jumanne hadi Alhamisi mchana ili kumbana. Nakuunga mkono kwa mikono miwili.

3. Amri yenu. Halmashauri iliamuru kwamba mwanachama asikae meza moja, asisimame jukwaa moja, wala asinywe glasi moja na waliotoka. Clarrie alitusomea amri hiyo wakati wa chakula, kwa sauti ya mtu anayesoma cheti cha daktari, kwa kuwa sahihi ya chini ni yake. Tangu hapo mtaa wetu haukaliki. Sisi tunasali misa ya saa mbili, wao ya saa nne. Padri Gilfedder huwaambia wa saa nne kwamba kutupigia kura sisi ni dhambi. Sisi wa saa mbili hutukoholea tu. Watoto wa Vince wakikutana na wangu kwenye mpira, wanachezea timu moja lakini hawapasiani. Kwetu msaliti huitwa panya, unajua, na mwanangu wa mwisho amerudi na jino mfukoni kwa ajili ya neno hilo.

Mimi na Rita, mke wa Vince, tulikuwa na sufuria moja kubwa ya kupikia jemu. Ni yetu sote, tuliinunua tulipokuwa maharusi. Sasa sufuria hiyo inapita kwa jirani yetu Bi Spargo, Mmethodisti, ambaye amekipigia kura chama cha matajiri tangu ajue kushika penseli. Yeye ndiye mtu pekee mtaani anayeruhusiwa na pande zote mbili kusema na wote. Juzi aliniletea sufuria akasema, "Rita anakusalimu. Anasema mwaka huu malimau ni machungu." Nikamwambia, "Mwambie hata huku ni machungu." Bi Spargo akafunga safari tena hadi kule. Nikikuambia kwamba umoja wa wafanyakazi katika mtaa wa Tanyard unashikiliwa na Bi Spargo, nadhani utaona aibu kidogo.

4. Mama mkwe. Hapa, Ndugu Katibu, naomba uvue miwani uifute kwanza.

Mama aliyewazaa wawili hawa, Bi Hanora Tuohy, yuko kitandani tangu Pasaka. Daktari amesema hatauona mwisho wa baridi hii. Mama huyu alikuwa chamani wewe ukiwa bado unanyonya; aliwapikia waliogoma, akatukanwa na polisi, akawatukana zaidi. Hadai kitu kwenu. Ana haja moja tu, nayo aliniambia nikimlisha uji: "Mena, mimi chama nimeshakila, nimeshiba. Nataka wanangu wawili wakae pale niwaone, wagombane, nisikie." Nikamfikishia Clarrie. Akasema, "Nikikaa na Vince mezani, Jumatatu sina chama. Vince akikaa na mimi, hana chama yeye. Nani atamwelewa nani?" Basi Jumapili yeye huenda mchana, Vince huenda jioni, na mama anakula viazi vile vile mara mbili kwa ajili ya umoja wa familia.

Tena kuna jambo linaloniuma mimi binafsi. Mgonjwa wa kitandani ni shuka. Mimi zamu yangu ya kupika ni Ijumaa, na kila Ijumaa nikifika nakuta shuka zake zote zimefuliwa, zimeanikwa nyuma ya nyumba, nyeupe, zimekamuliwa hadi hazidondoshi tone. Shuka ya kitanda kikubwa ikilowa ni nzito kama mtu mlevi. Mimi peke yangu sijawahi kuikamua namna ile. Bila shaka ni Rita anayezifua, naye ni mwembamba kama ufagio, sijui nguvu anaitoa wapi. Namwonea wivu na ningependa kumshukuru, lakini amri inanikataza, na shukrani nikiipitisha kwa Bi Spargo itafika imepoa.

5. Jeneza. Ni desturi ya akina Tuohy kwamba mama akifa, wanawe hulibeba jeneza upande wa mbele, mmoja bega la kulia, mwingine la kushoto. Naomba halmashauri itoe uamuzi mapema: je, jeneza ni jukwaa? Kama ni jukwaa, basi Clarrie abebe kutoka nyumbani hadi posta, na Vince apokee kuanzia posta hadi makaburini, na hapo posta mama atue chini angoje huku wajumbe wa pande mbili wakihakikisha hakuna aliyemgusa mwenzake. Kama hilo nalo ni gumu, basi mgawane mama kabisa, kama mlivyogawana ofisi na mashine ya kupiga chapa. Sauti yake iliyoimba kwenye migomo iwe yenu; magoti yake ya rozari yawe yao. Mikono niachieni mimi, maana ilinipokea nilipoolewa.

Utaona sasa kwa nini naomba nilichoomba. Mtu aliyefukuzwa hana tena pa kufukuzwa. Atakaa na amtakaye, atakula na amtakaye, Jumapili hii hii. Sababu andikeni yoyote katika hizi. Ya sabuni naiona ina nguvu, na niko tayari kuja kuitolea ushahidi. Cheo chake mpeni mwingine anayejua kuchukia. Mnao wengi, niliwaona kwenye mkutano mkuu.

Nasema kwa uchungu. Niliolewa katika nyumba yenye kelele. Ndugu hawa walikuwa wakibishana juu ya reli, juu ya farasi, juu ya Papa, hadi vikombe vinatikisika, na mama yao akicheka jikoni. Kimya cha sasa kinanichosha kuliko kelele zile. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Halmashauri yenu haikuchukua jembe. Ilichukua kalamu.

Nisalimie Dulcie, na wote hapo ofisini, na wajumbe wa halmashauri mmoja mmoja kwa cheo chake, na mpiga kinanda wetu ukikutana naye kwa bahati mbaya. Bi Spargo naye anakusalimu, ingawa hakupendi.

Ni mimi wako katika mapambano na katika masufuria,

Philomena Tuohy (Bi)
Mwanachama hai, Tawi la Wurrabeal

N.B. Alhamisi jioni.

Barua hii ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, uniwie radhi kwa mikunjo.

Leo mwenye bucha alinipa mfupa mzuri wa supu, nikaona nisingoje zamu yangu ya kesho, nimpelekee mama mkwe leo leo. Nikapitia uchochoro wa nyuma. Kabla sijafika langoni nikasikia sauti za wanaume katika banda la kufulia, zinagombana. Nikajificha nyuma ya rundo la kuni, mimi mwanachama hai, na sufuria ya supu kifuani.

"Shika mwisho wako, panya we!"

"Mwisho wangu nimeushika, Mkomunisti we!"

"Wewe ndiye uliyeachia mwaka jana!"

"Nani aliachia? Nyinyi ndio mliotusukuma nje!"

"Pumua, Vince. Pumua kwanza, halafu unitukane."

Wakatoka uani wamekunja mikono ya mashati, shuka katikati yao inatiririka. Mkuu wa chama chetu ameshika ncha hii, mtu wa pili wa waliotoka ameshika ile, wametazamana, kila mmoja anasokota kwa upande wake kwa hasira zote. Na ndivyo shuka inavyokamuliwa; wangesokota upande mmoja isingetoa tone. Dirisha la mama mkwe lilikuwa wazi na baridi yote hii. Alikuwa ameegemezwa mito, uso unamng'aa kama wa msichana.

"Kamueni!" akawapigia kelele. "Hotuba kazitoeni Bungeni! Mtanichania shuka!"

Clarrie akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka jana, na machozi yalinitoka, nakuambia wazi. Nikaiacha supu kwenye ngazi ya nyuma nikarudi nyumbani polepole.

Kwa hiyo naondoa ombi langu lote. Jana nilikuwa sina ushahidi wa kutosha juu ya mume wangu, nikaomba afukuzwe. Leo ninao, naomba asifukuzwe. Amri yenu nimeisoma upya, nimeona inataja meza, jukwaa na glasi. Shuka haikutajwa, nami naomba msikae kikao cha kuiongeza.

Naomba pia msifanye haraka kuuziba mpasuko. Subirini angalau baridi ipite. Wakiwa upande mmoja hawatakuwa jozi, na wasipokuwa jozi, nani atawapa ruhusa ya kutoka Alhamisi? Na kile kikao cha wabunge nilichokuunga mkono kukihamisha, kiache Jumanne kama kilivyo.

Kesho nitakwenda kwa mama mkwe kama kawaida. Nitazikuta shuka zimeanikwa, nitazipapasa, na nitamwambia kwamba yule Rita, pamoja na wembamba wake, ana nguvu.

P.T.