Ukoo wa Lib na Mzee Bado

Habari ya Ijumaa ile ililetwa na Grégoire, na habari ikiletwa na Grégoire ujue imeshapita kituo cha Rwekubo, imekunywa chai na imenenepa. Ndiyo maana tunamwita Radio. Alifika kwenye benchi la chai la Mama Annonciata, na kabla hajakaa akatangaza:

"Bienvenu ameshuka Rwekubo! Anatoka Mbarara tena! Flash iko ku shingo sawa vile medali!"

"Tena?" Mama Annonciata akauliza, birika mkononi. "Si alienda juzi?"

"Alienda juzi, alienda na mbele ya juzi. Ule kijana sasa taksi zinamujua kuliko mama yake."

Kizito, kijana wa Kinyankore anayeendesha boda, akainua mkono kama yuko mahakamani. "Mimi iko shahidi. Mimi ndiye nabeba yeye kutoka Rwekubo mpaka hapa. Nauliza, 'Injenia, nini iko kwa hii flash?' Yeye nasema, 'Kipande.' Kipande ya nini? 'Kipande ya kipande.' Banange! Mimi nanyamaza, naendesha boda."

Tulicheka wote isipokuwa Mzee Kabanda, aliyekuwa mwisho wa benchi na bilauri yake ya maziwa, fimbo katikati ya magoti. Na hapo lazima nieleze, la sivyo utamwonea mtu.

Mimi ni fundi nguo. Cherehani yangu iko jirani na benchi, kwa hiyo hakuna neno linalonipita, na wananiita Sindano. Bienvenu tunamwita Injenia, cheo tulichomkopesha bila riba. Anamtaka Orpa, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Orpa amelelewa na baba yake mkubwa, ndiye huyu Mzee Kabanda, mfugaji tangu milima ya kwetu Kivu. Kila wajumbe wa Bienvenu wakifika kwake, mzee huwasikiliza, hunywa maziwa, halafu husema neno moja: "Bado." Kwanza alitaka mtu anayemjua babu yake Bienvenu. Akatafutwa, akapatikana. Bado. Akataka shangazi wa Orpa aliyeko Endiinzi asikie. Shangazi akasikia, akasema yeye hafungui mdomo bila kaka yake wa Ruti, kule Mbarara. Kaka wa Ruti akasema atafikiri. Sasa asipokuwepo tunamwita Mzee Bado.

Juu ya hayo yote, Bienvenu alijitolea kutengeneza video ya kwaya ionyeshwe kanisani Jumapili. Mzee akapata nafasi ya kuongeza jiwe kwenye mzigo: "Mutu mwenye anashindwa kumaliza video, atamaliza nyumba?" Kwa hiyo usidhani kijana alikuwa akihangaika na kompyuta tu. Alikuwa akihangaikia mke.

Haya, Injenia mwenyewe akatokea, vumbi hadi kwenye kope. Kompyuta ya kanisa ilikuwa mezani ikinyonya umeme wa sola ya Mama Annonciata, kama simu zetu zote.

"Leo ndiyo leo," akasema. "Nilikuwa nakosa Lib moja tu. Iko hapa."

"Juzi pia ulikosa moja tu," Grégoire akamkumbusha.

"Ile ilikuwa ingine."

"Lib ni nani?" Kizito akauliza. "Mimi kila siku nasikia Lib, Lib. Iko chifu?"

Bienvenu akavuta pumzi ya mwalimu. "Sikia. Hii ordinateri inatumia Linux. Fasi hii, hapa ndani, programu haifanye kazi yote yenyewe, inaomba musaada. Ile ya kukata video haijue mambo ya sauti, inaomba Lib ya sauti. Lib ya sauti inasema, mi siingie kama Lib ya kufungua fishye, zile faili, haiko. Ile nayo iko na wake. Moja ikikosa, zote zinakaa inje."

"Hiyo si programu, ssebo, hiyo ni ukoo! Wewe naalika mutu moja, nashuka taksi muzima."

"Na kila mutu anataka soda," akasema Mama Annonciata.

"Sasa kwa nini wewe nasafiri na flash? Si ubebe kompyuta yenyewe Mbarara?"

"Pasta alikataza. Alisema ordinateri ya kanisa haitoke mu kambi. Alors binamu yangu wa Ruti ananitolea Lib ku internet ya kazi yake, mi ninaileta. Nikifika hapa, mashini inaniambia ingine yenye inakosa. Ninarudia."

Akachomeka flash, akafungua lile dirisha lake jeusi, akaandika. Tukasogea. Hata mimi niliacha suruali ya watu kwenye sindano. Maandishi yakapanda, yakasimama.

"Inasema nini?" Grégoire akanong'ona.

"Inasema… imepokea."

"Haleluya!"

"Lakini inakosa Lib ingine."

Benchi lilicheka mpaka likayumba. Kizito alikwenda kuegemea pikipiki yake. Mama Annonciata aliweka birika chini, maana ni dhambi kumwaga chai. Mzee Kabanda hakucheka, lakini alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeona ng'ombe wake anapelekwa na mchungaji mjinga.

"Mungoje!" Bienvenu akafoka, jasho linamtoka. "Iko na njia. Inasema inaweza kujirekebisha yenyewe." Akaandika kwa vidole vya hasira. Mashine ikajibu kwa aya ndefu, mwishoni ikauliza swali la ndiyo au hapana. Bienvenu alibonyeza ndiyo kabla mashine haijamaliza kupumua.

"Sasa?" tukauliza.

"Imerekebisha. Makosa yote yameisha."

"Na ile programu ya video?"

Akatafuta juu, akatafuta chini. Akatazama kioo kama mtu aliyekaa juu ya miwani yake.

"Imeifukuza," akasema.

"Namna gani imeifukuza?"

"Iliona haina ndugu zake hapa. Koneksio ya kuwatafuta haina. Alors ikaona dawa ni kuitoa mu nyumba."

Grégoire akasimama wima. "Kurekebisha kwa kufukuza! Hiyo dawa sisi tunaijua! Ilituponesha mpaka tukafika Nakivale!"

Tulicheka, halafu kila mmoja akatazama kikombe chake kidogo.

"Na haikukuambia kwanza?" Mama Annonciata akauliza.

"Iliandika, mama."

"Ulisoma?"

"Iliandika mingi."

Hapo ndipo Mzee Kabanda aliposhindwa kuvumilia. Fimbo ikagonga chini, maziwa yakaruka.

"Lakini hii mashini iko na adabu gani? Mutoto wa batu anaenda Mbarara, anarudi, inasema bado! Anaenda tena, anarudi, bado! Kama inataka batu kumi, iseme kumi! Iseme yote mara moja, mutu ajue mzigo wake, abebe ao aache! Kumuita leo, kumurudisha kesho, si hiyo ni kutesa mutu bure?"

Grégoire alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili na mabega yanamcheza.

"Mzee," akasema alipopata sauti, laini kama ya shemasi, "rudilia kidogo. Ili bale ba kule nyuma basikie."

"Nasema mashini haina…" Mzee akaishia hapo. Ulikuwa unaona neno linazunguka benchi lote, halafu linarudi kukaa kwake.

"Nyani haoni…" Mama Annonciata akaanza methali, akakumbuka heshima, akaimalizia kwa kumwongeza mzee maziwa.

"Mi naongea juu ya mashini," mzee akasema.

"Na sisi, Mzee! Na sisi!" tukaitikia kama kwaya.

Bienvenu peke yake hakutuchekea. Alikuwa amejishika kichwa. "Njia ya kuambiwa yote mara moja iko," akasema. "Mashini ikipata koneksio, inaenda yenyewe ku depo, ghala ya programu zote, inahesabia programu ya video ndugu zake wote, inaleta wote mara moja. Fishye ya ile programu yenye imefukuzwa ingali ku flash. Lakini inaomba mega mingi za internet."

"Na wewe najua hii njia tangu lini?" Kizito akauliza.

"Tangu mwanzo."

"Na nauli ya Mbarara ni bei rahisi kupita mega?"

Injenia akaanza kupangusa vumbi kwenye kope. Nilimhurumia kidogo, kisha nikaendelea kucheka.

Likaja sasa suala la mega. Usiombe kuona umaskini ulioshuka ghafla kwenye benchi lile. Grégoire alikuwa na za WhatsApp tu. Kizito zake zilikuwa zinaisha wakati huohuo anaongea. Mimi nilisema simu yangu ni ya tochi.

"Jana," Mama Annonciata akasema taratibu, "muliangalia mupira hapa, kila mutu na simu yake. Mulikuwa munaangalia na maombi?"

Tukajifanya tunapuliza chai.

"Mwenye mega," akaendelea, "ni ule mwenye mutoto wake Ulaya anamuwekea kila mwezi, na yeye anamaliza kutwa anaangalia minada ya ng'ombe."

Vichwa vyote vikageuka mwisho wa benchi.

Mzee Kabanda akaweka bilauri chini. Angeweza kusema neno lake. Lilikuwa mdomoni, nililiona kabisa. Lakini maneno aliyoyamwaga dakika chache zilizopita yalikuwa bado yamelala mezani, hayajafutwa. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa simu kubwa inayong'aa, akaiweka mbele ya Bienvenu.

"Usiguse ng'ombe zangu," akasema.

Wakati Bienvenu anaunganisha, Orpa akatokea njia ya kanisani na daftari la nyimbo kwapani. Habari ilishamfikia. Radio haichagui msikilizaji. Akamsalimu baba yake mkubwa kwa kuinama, akasimama nyuma ya Bienvenu. Mashine ikafikiri, ikamwaga orodha ndefu, na mwisho wake swali lilelile. Kidole cha Bienvenu kikainuka.

"Soma kwanza," Orpa akasema.

Kidole kikarudi pajani. Bienvenu akasoma kwa sauti, mmoja mmoja, na Mzee Kabanda, sijui nini kilimwingia, akaanza kuwapokea kama mwenye nyumba mlangoni.

"Huyu wa kwanza anafanya nini?"

"Anafungua picha, Mzee."

"Aingie."

"Huyu anashika sauti."

"Wa lazima. Aingie."

"Huyu anaandika majina chini ya picha."

"Iko na heshima. Aingie."

"Huyu… simujui, Mzee. Anaitwa na ule wa mbele."

"Kama ule wa Ruti," Kizito akadokeza.

Mzee akakohoa. "Naye aingie. Imefukuza mutu hapa? Hapana? Bonyeza."

Bienvenu akabonyeza. Tulingoja kikombe kizima cha chai. Halafu programu ikafunguka bila kumlalamikia mtu, naye akaingiza picha za kwaya, na Orpa akajaa kwenye kioo akiimba, mkono juu, macho yamefungwa. Benchi lilipiga makofi mpaka watu wa dukani wakatoka. Mzee Kabanda alisogeza uso karibu na kioo.

"Ni mama yake kabisa," akasema, na ilibidi apenge kamasi.

Grégoire hakumpa nafasi ya kupoa. "Bon. Mashini imesema yote mara moja. Sasa Mzee?"

Orpa akatazama chini, lakini alikuwa anatabasamu. Mzee akaweka fimbo, akakunja kidole cha kwanza.

"Nitasema yote. Sitarudilia, sitaongeza. Ng'ombe, kama tuliongea. Kitenge cha mama aliyemulea. Tanti wa Endiinzi, nauli yake na soda yake. Onko wa Ruti, mumupe kiti cha mbele, ataacha kufikiri. Blanketi la baridi la bibi yake. Na tena…"

"Ndiyo!" Bienvenu akaruka. "Ndiyo, Mzee! Nimekubali yote!"

"Sijamaliza."

"Ndiyo tu, Mzee! Batu wote ni mashahidi!"

"Mashahidi!" tukapaza sauti, wapumbavu sisi.

Mzee Kabanda akakunja kidole cha mwisho bila haraka. "Sawa. Cha mwisho ni mimi. Macho yangu imechoka, na Orpa ndiye ananisomea Biblia, ndiye anajua maziwa yangu. Fasi yeye anakaa, na mi ninakaa."

Bienvenu alibaki amesimama, mkono hewani. Orpa alishika ukingo wa meza kwa kicheko, daftari la nyimbo likaanguka.

"Nilikuambia nini," akamuuliza, "juu ya kusoma mpaka mwisho?"

Kizito alikuwa ameshawasha pikipiki, akiuliza nani anakwenda Rwekubo. Grégoire akapanda nyuma mbiombio, maana habari ikipoa hainunuliki. Mimi nikarudi kwenye suruali ya watu. Mzee Kabanda akaichukua simu yake mezani, akaipangusa kwa kanzu, akaichungulia kama ng'ombe wake wote wamo. Kisha akamwinamia mkwe wake mpya.

"Mutoto wangu," akasema, "kule kwako, koneksio inashika?"